Mahali Mbuzi Hulala

Kwa miaka mingi Lomunokol wa Kanamkemer aliwapandisha wageni vilima vya mawe karibu na Lodwar bila kuchubuka hata kidole. Penye mwamba wima alikuwa mkali: hakuna kuongea, hakuna simu. Wageni walimwogopa kidogo, naye hakuchukia.

Mwaka jana alimpandisha Sylviane, Mkongomani anayefundisha kwaya katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Sylviane aliogopa tangu mwanzo. Wakati wa kushuka alilia, akasali kwa Kifaransa, akateremka mwamba kwa makalio. Chini ya mwamba huo palikuwa na jiwe pana lililoinama kidogo tu, mahali ambapo mbuzi hulala mchana. Hapo Lomunokol alishusha pumzi.

"Tumemaliza, mwalimu," alisema. "Hapa hata mtoto anatembea."

Akageuka, akawa anatembea kinyumenyume huku akimsimulia habari za mzungu aliyezimia kule juu. Jiwe lilikuwa limetandazwa changarawe, ndogo na za mviringo kama mtama. Mguu uliteleza, akatumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua. Kifundo cha mguu kililia kama ukuni mkavu unaovunjika.

"Papa, umefanya nini?" Sylviane aliita, kwa jinsi ya kwao ya kumwita mtu baba.

"Nimeanguka."

"Hapa?"

"Hapa."

Sylviane alikaa chini, akamfuata kwa makalio, akafika mzima. Akavunja fimbo ya Lomunokol vipande viwili, akafungua kitenge alichojifunga juu ya suruali, akaufunga mguu pamoja na vipande hivyo. Simu hazikushika mtandao, kwa hiyo akaondoka kwenda barabarani kutafuta boda boda. Alitembea polepole mno, akijaribu kila jiwe kabla ya kulikanyaga.

"Kimbia!" Lomunokol alimpigia kelele.

"Sikimbii, Papa. Nikianguka na mimi, nani ataenda?"

Lomunokol alilala juani akiumwa, lakini kilichomsumbua zaidi ni aibu.

Kutoka hospitali alirudi nyumbani na plasta hadi gotini. Mkewe, Nakeno, alimwekea kigoda.

"Ni ule mwamba?"

"Hapana. Ni pale mbuzi hulala."

"Na watu wakiuliza?"

"Sema mwamba."

Nakeno akasema mwamba. Majirani walikuja na pole nyingi, wakampa heshima ya mtu aliyepambana na mlima. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Sylviane alipokuja na kwaya yake kumjulia hali. Waliimba, kisha akaomba kwa sauti: "Asante Mungu kwa kumwokoa Papa alipoteleza kwenye changarawe, mahali tambarare kabisa, akipiga hadithi."

"Amina," majirani waliitikia. Mmoja alikohoa kwa muda mrefu. Lomunokol alitazama plasta yake.

Mguu umepona, ingawa umepinda kidogo. Bado anapandisha watu. Kwenye mwamba wima huwaacha washuke wenyewe, akiwaangalia tu. Wakifika penye changarawe huwavusha mmoja mmoja kwa kuwashika mkono. Wengi hucheka. Anawaacha wacheke, lakini mkono hauachi.