Supu ya Malkia Mama

Wasomaji wa Yeo-jin walikuwa na maneno mawili tu. Mwovu akishinda waliandika "kiazi", kama watu waliokabwa na kiazi kitamu kikavu. Mwovu akikomeshwa waliandika "soda", koo limefunguka. Wiki ya tatu sasa ilikuwa kiazi, kiazi, kiazi, na hadithi aliyoiandika mtandaoni ilikuwa inaporomoka kwenye orodha ya zinazosomwa zaidi katika simu za watu kote Korea, kutoka Incheon hadi Busan.

Ilikuwa hadithi ya mapenzi: binti mpole, mwana wa mfalme, na Malkia Mama, mwanamke mwenye roho ya korosho. Sura ya tano malkia huyo alimwaga supu ya mwani, ambayo huko hupewa mwanamke aliyetoka kujifungua, kisa mzazi kazaa msichana. Supu ile Yeo-jin hakuibuni. Ilimwagwa kwenye sinki la jikoni kwake, miaka kumi na minane nyuma, na mama mkwe wake, Bi Gil. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Haya yalinuka kila siku. Sasa Bi Gil alikuwa amepooza upande mmoja, na aliyemlisha kwa kijiko ni mkamwana yuleyule.

Ajabu ni kwamba bibi aliipenda hadithi. Macho yake yalikuwa yamekwisha, hivyo Yeo-jin alimsomea kila asubuhi, akidai ni kazi ya mtu mwingine. Alifurahi kumsomea. Tuseme ukweli, alifurahi sana.

"Mama Da-on," bibi aliuliza siku moja, akimwita kwa jina la mjukuu, "huyo malkia watamfanya nini?"

"Wasomaji wanataka afe, mama."

"Wana haraka. Hakuna aliyeuliza yeye mwenyewe alipozaa binti alipewa nini."

"Alipewa nini?"

"Maji ya bomba. Mama mkwe wangu alisema supu ni ya wanaozaa wanaume." Akajisahihisha. "Mama mkwe wake, nasema. Mwambie huyo mwandishi asimwue. Akipewa sura moja, ataomba radhi."

Basi bibi alikuwa anajua mwandishi ni nani. Hasira ikampanda Yeo-jin. Miaka yote hiyo, radhi ilikuwa wapi? Tena kwa wasomaji, mwovu kuomba radhi ndicho kiazi kikubwa kuliko vyote.

Akaandika. Malkia yuko kifungoni, ana njaa. Binti mpole anamletea bakuli la supu, anasimama mlangoni, anaimwaga sakafuni taratibu. Malkia anakufa akiitazama. Wasomaji wakalewa kwa soda, na hadithi ikapanda hadi nafasi ya pili.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Bi Gil. Yeo-jin alipika supu ya mwani, maana huko huliwa pia siku ya kuzaliwa, na desturi ni desturi, akaiweka kando ya kitanda, kisha akasoma. Angeweza kuruka ukurasa. Hakuruka hata neno.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Wamefurahi?"

"Sana, mama."

"Haya."

Yeo-jin akasogeza kijiko. Bibi akafumba mdomo. "Mama, kula. Hadithi tu ile."

"Mwaga, mwanangu," bibi alisema kwa upole. "Umeshaandika."

Akageukia ukutani, na hakupokea tena kijiko kutoka mkono wa Yeo-jin hadi walipomzika. Asubuhi ile Yeo-jin alisimama kwenye sinki na bakuli mkononi mpaka supu ikapoa, akashindwa kuimwaga.