Mke mwenzangu na kompyuta ya kurasa: nani ataita majina ya mtoto?

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni nyanya wa hapa Mundika, shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mwandiko mnivumilie. Lakini haya nimeyaona na macho yangu, na hata yale ya kuniaibisha sitaficha.

Mzee wangu Wandera alikuwa fundi wa redio kule Burumba. Wake tuko wawili, boma moja. Mimi ndio wa kwanza, Mama Ouma. Wa pili ni Nekesa, huyo alifika form four.

Kwetu mtoto mchanga akilia anaitiwa majina ya wale walitutangulia. Lile atanyamazia, hilo ndilo lake.

Mwenye kuita ni mimi, tangu mama mkwe Auma alipotuacha. Wote ninao kichwani: Egesa, Taaka, Ojiambo mrefu, Ojiambo wa pengo, mpaka wale walizikwa ng'ambo.

Heshima ni hiyo tu niliyobaki nayo. Masomo Nekesa alinishinda. Ngozi mpaka leo ananishinda, sijui anapaka nini.

Sasa Mzee ana kompyuta ya kizamani, ile ni keyboard nene unachomeka kwa TV. Na TV iko wapi? Kwa Nekesa.

Wakaanza kuingiza majina ya ukoo. Mzee anasoma kwa daftari, Nekesa anabonyeza, kicheko nasikia mpaka jikoni kwangu. Ikajaa. Mzee akatafuta kadi ya kuongeza memory, akaiunga na solder.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi hudhani ukiongeza memory mashine inaona yote. Mzee alinieleza na vikombe kwa meza yangu.

Hiyo mashine haiwezi kuhesabu kupita kilobaiti sitini na nne. Hata uiwekee mlima wa memory, anwani, yaani namba za kufikia kila sehemu, zimeisha. Kwa hivyo kipande kimoja cha memory yake kinafanywa dirisha. Kadi nayo imegawanywa kurasa. Program inaambia kadi namba ya ukurasa, na huo ndio unakuja dirishani. Zile zingine hazijafutika. Ziko, ila hazionekani mpaka ziitwe.

Nikamwambia, "Hiyo naijua. Wiki ukiwa kwa Nekesa, mimi pia sijafutika."

Akacheka hadi chai ikamwagika.

Lakini ilikataa. Kila wakibadilisha ukurasa, TV inaganda. Kumbe ile program ya kubadilisha kurasa Mzee aliiweka ndani ya dirisha lenyewe! Ikiita ukurasa mwingine, inajiondoa na yenyewe. Mashine inatafuta amri inayofuata, inakutana na Ojiambo.

Wakuu, nilifurahi. Niliimba nikiosha vyombo.

Furaha haikudumu. Mzee akaihamisha kwa memory ya chini, ile haibadilishwi kamwe. Akaja kuniambia, "Hiyo sehemu haihami, Mama Ouma. Ni kama wewe hapa nyumbani."

"Kumbe mimi ndio ile hakuna mtu anaangalia."

Akamaliza chai yake, akarudi kwa Nekesa.

Siku ya kumwitia mtoto majina ikafika. Mama yake ni mjukuu wetu Ajiambo. Tukaketi wapi? Kwa Nekesa, sababu ya TV. Mtoto analia, Nekesa anaita kutoka kwa kioo kama katekista. Ukurasa wa kwanza, wapi. Wa pili, wapi. Hakuna kilichoganda.

Mzee ananiangalia, mimi naangalia dari.

Ukurasa wa tatu: "Nabwire."

Mtoto akanyamaza, akashika titi.

Vigelegele! Vyote vya Nekesa.

Kisha Ajiambo akauliza, "Na Nabwire alikuwa nani?"

Nekesa akabonyeza huku, akabonyeza kule. Jina tu. Vichwa vyote vikageuka kwangu.

"Kukhu, tuambie," Ajiambo akasema. Kukhu kwetu ni nyanya.

Nikakohoa. Nikaomba chai kwanza, na Nekesa ndiye aliileta. Nikawaambia Nabwire alikuwa akiuza samaki wa moshi Malaba, sauti kama tarumbeta, na siku moja mume wake alileta mke wa pili nyumbani, basi Nabwire akamwambia...

"Ngoja!" Mzee akaruka. "Nekesa, fungua ukurasa mpya, andika hiyo!"

Nikanyamaza hapo hapo.

Wamenibembeleza mpaka leo. Nekesa ameniletea sukari na hata ile mafuta yake ya ngozi. Sukari nimepokea. Mafuta pia. Nabwire alisema nini, bado ninayo mimi.

Nilichojifunza: kadi inaongezwa, kurasa zinaongezwa, lakini kile hakikuingizwa hakuna dirisha litakionyesha. Na wivu ukizeeka hauishi, unajua tu mahali pa kukaa.

Wake wenza mlio humu, na nyinyi watu wa kompyuta, semeni kweli. Niwape, ama ninyamaze? Ajiambo nitamwambia, huyo ni haki yake. Lakini TV ikiwa imezimwa.