Unga Unaoamshwa na Jua

Mama alikuwa ametangaza kanisani, kisimani na gulioni Issuna kwamba binti yake anakuja na unga wa kusafisha maji kwa jua. Hakuniuliza. Nilimwambia kwenye simu kwamba chuoni ninasomea namna ya kuondoa sumu majini, basi, yeye akaongeza chumvi yake, na nilipofika likizo nikakuta uani kumejaa watu.

Walikuwa na sababu ya kuja. Kisima chetu kiko bondeni, chini ya bustani za vitunguu, na wapuliza dawa huoshea mabomba yao papo hapo. Mvua za kwanza zikinyesha, maji yananuka dawa. Watu wanayanywa hivyo hivyo, maana kisima kingine kiko mbali. Nilitaka waniruhusu kujenga birika la majaribio kando ya kisima, na mama alishawapa neno lake kwamba jambo lenyewe ni la kweli.

Nilisimama mbele yao nikavimba kichwa. Kwa kuwa dawa ya vitunguu haionekani kwa macho, nilichukua rangi ya zambarau ambayo mama hutilia vikapu vyake, nikaikoroga kwenye beseni la maji ya kisima, nikatia unga wangu mweupe, nikaliweka juani. Kisha nikahutubia. Nilisema chembe za unga ule ni ndogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuziona, na kwamba mwanga ukizigusa zinaamka na kuivunjavunja sumu. Nilipokwama nilichomekea Kiingereza, na nilikwama mara nyingi. Wazee waliitikia kwa vichwa, kwa adabu tu.

Kufikia alasiri zambarau ilikuwa imepotea. Nikaingiza beseni kivulini, unga ukatulia chini, juu yakabaki maji yasiyo na rangi. Watu wakashangaa kwa sauti. Mama akapiga kigelegele peke yake, kirefu, nami nikajiona nimefika.

Ndipo shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, akaingia ndani na kutoka na kikombe. Akachota juu juu, akanipa kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu. Anza wewe."

Kwetu mwenye pombe hunywa wa kwanza. Anapiga funda mbele ya wageni, wajue hakuna alichowatilia, ndipo kibuyu kizunguke. Hilo nimeliona tangu utoto na sikulikumbuka kabisa. Nilichokumbuka ni kanuni ya maabara: cha maabara hakiingii mdomoni. Unga kidogo ulikuwa bado unaelea mle, na hakuna aliyewahi kuyapima maji yale kwa ajili ya kunywa. Lakini nilijua pia, na hapa ndipo aibu inaponikaba hadi leo, kwamba funda moja lisingenifanya kitu.

"Shangazi, haya ni ya kuonyesha tu," nikasema. "Si ya kunywa."

"Sasa mwanangu, tukuamini vipi na maji unayoyaogopa mwenyewe?"

Hakusema kwa ukali. Angefoka ningejitetea. Nilibaki nimeshika kikombe. Mzee mmoja akainuka na kukung'uta suruali. Mwingine akamfuata. Niliona jinsi mama anavyowatazama, na nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaja, akanipokonya kikombe. Akanywa yote bila kupumzika, akakipindua mbele ya shangazi ili aone hakuna tone.

"Mtoto tumbo linamsumbua tangu safarini," akasema. "Mpeni hilo eneo ajenge."

Wakanipa. Niliwaambia maji ya birika yasinywewe mpaka yapimwe, ila kwa sauti ndogo, na sidhani kama wote walinisikia. Walikuwa wanampongeza mama. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi langu nililichuma nikamwachia mama alile peke yake.

Watu walipotawanyika nilimkuta nyuma ya jiko anasugua lile beseni. Nilikusudia kumwomba radhi, nikaishia kuokota dodoki nimsaidie.

"Mwanangu," akasema bila kuniangalia, "kwani nimekunywa nini?"

Nikachuchumaa nikamweleza: unga ni kitu gani, jua linafanya nini, rangi yake imekwenda wapi. Kilinitoka Kiswahili chepesi ambacho mbele za watu kilinishinda. Nikamhakikishia kwamba kikombe kimoja hakina neno, asiwe na wasiwasi.

Aliendelea kusugua.

"Kama hakina neno, mbona wewe hukunywa?"