Kusomea Kaa

Neno moja tu liliniponza. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea viumbe wa bahari, huko Pwani. Tukichuma chai, mama mkwe akaniuliza nitasomea nini hasa. Nikasema, "Kaa."

Akaacha kuchuma. "Kukaa?"

"Kaa, mama. Mnyama wa bahari, ana miguu mingi."

"Uende mpaka Mombasa kusomea kaa? Kaa hapa nikufundishe bure!"

Mume wangu akacheka mpaka majani yakamwagika kutoka kikapuni. Hata mtoto, mgongoni kwangu, akacheka. Yeye nilimsamehe.

Kidato cha nne, mwalimu wetu wa bayolojia alituchorea wadudu wa bahari, wengine wadogo kuliko ncha ya sindano. Sisi watoto wa Silibwet, bahari tungeiona wapi? Akasema hao wadudu wanakula mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Vifaranga vya samaki vinakula wadudu, samaki wakubwa wanakula wadogo, halafu mvuvi anakula wote. "Mkiwatoa hawa wa katikati," akasema, "samaki watakufa njaa na maji yamejaa chakula." Baadhi ya wadudu hao ni watoto wa kaa. Wanaelea tu. Mkondo ukienda, wanaenda nao.

Basi mimi ndio huyo. Nakamua, nachuma, napika, nafua. Nikiacha siku mbili, watu wa boma hili watatafuna majani ya chai mabichi. Lakini wa katikati nani humuuliza anataka nini?

Jioni nilimwambia mume wangu nafasi itapotea.

"Si ungoje mtoto aache kunyonya? Mama yangu hawezi kubaki na mtoto wa kunyonya."

Nikangoja. Nafasi ikapita. Nilipiga sufuria ya uji teke, na ni mimi tena niliyepangusa sakafu.

Nilichokuwa nimesahau ni vile mwalimu alimalizia: mtoto wa kaa haelei milele. Akikomaa anashuka chini, anatembea kwa miguu yake.

Majuzi nilisikia wanachukua wanafunzi tena. Leo asubuhi nimepaka shubiri kwenye titi. Mtoto ameonja, akatema, akalia kama amechomwa. Mama mkwe akaja mbio.

"Unamwachisha? Haraka ya nini?"

"Naenda kusomea kaa, mama."

Safari hii hakuna aliyecheka.