Mteremko wa Shuka

Imetangazwa rasmi, na tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya utalii pale ambapo mvua haifiki, kwamba tangu Njia ya Baiskeli ya Pwani ya Vilima izinduliwe, hakuna mwendesha baiskeli hata mmoja aliyepoteza maisha katika njia hiyo. Tangazo linaendelea kusema kwamba mandhari yake haina mfano, kwamba inawafaa watu wa rika zote, na kwamba miteremko yake imepewa nyota kama hoteli. Mteremko wenye nyota nyingi kuliko yote unaitwa Shuka.

Jina hilo ofisi haikulibuni. Liliandikwa juu ya jiwe, kwa rangi nyeupe, na mwanamke mpeleka mikate, ambaye hakuwa akiandika jina.

Wateja walimwita Mama Mikate. Mtoto hakujaliwa, kwa hiyo mikate ndiyo iliyompa umama. Kabla yake kazi ilikuwa ya mumewe, mwanamume mrefu, mcheshi, aliyeitwa Breki kwa sababu hakuwa nazo. Raba za breki zilipokwisha hakununua nyingine. Akitaka kusimama alikandamiza soli ya kandambili kwenye tairi la nyuma, na soli ikiliwa sana alihamia mguu wa pili. Aliyemwonya aliambiwa kwamba miguu haihitaji vipuri. Tanuri lilikuwa la dada yake mkubwa, mwanamke mwenye mikono ya unga na ulimi wa pilipili, ambaye kila alfajiri, akimfungia sanduku kwenye keria, alimwambia kwamba mikate ile ina akili kuliko yeye, maana yenyewe angalau imefungwa kamba.

Barabara ya kwenda kijiji cha pili inaandama bahari. Inapanda kwa kujivuta hadi juu ya jabali, ambapo maji yote yanafunguka chini ya macho, kisha inaporomoka ghafla na kukata kona, na kwenye kona hiyo lami imelalia upande wa bahari. Aliyeijenga alikuwa amechoka, au alikuwa anaangalia mandhari. Asubuhi moja ya manyunyu soli ya Breki iliteleza. Baiskeli ilipatikana kwenye miamba. Mwenyewe alipatikana baadaye, chini zaidi. Mikate ilielea mchana kutwa, na ndege walikuwa wengi kiasi kwamba waliokuwa wakimtafuta walijua mahali pa kuanzia.

Mjane alikaa ndani mpaka wifi yake, yule dada wa tanuri, alipokuja kumwambia kwamba kijiji cha pili kinanunua mikate ya mtu mwingine, tena mibaya. Hakuwa na namna nyingine ya kusema pole. Baiskeli ilinyooshwa na fundi, ikatiwa breki mbele na nyuma, na Mama Mikate akaipanda. Alipofika juu ya jabali alishuka, akaikokota hadi chini ya mteremko, akapanda tena. Alifanya hivyo kila siku, kwenda na kurudi. Madereva walimpigia honi, na wachunga mbuzi walimuuliza kama baiskeli ni mgonjwa anayempeleka hospitali.

Alikuwa na rangi iliyobaki walipopaka mlango wa tanuri. Akaandika neno moja tu kwenye jiwe lililo kabla ya kona: SHUKA. Rangi ilikuwa nyepesi, ikachuruzika kutoka kwenye herufi ya K mpaka ardhini. Wifi alipolipita akiwa kwenye lori la unga alisema watu watadhani hapo panauzwa mashuka. Lakini hakuna aliyeuliza bei. Kila aliyekuwa na baiskeli alimjua Breki, na kila aliyemjua Breki alilielewa neno. Wakafika pale, wakashuka, wakakokota. Kwa miaka mingi neno hilo lilifanya kazi bila mshahara.

Kisha wakaja watu wa ofisi ya utalii, wamevaa suruali za kubana na kofia kama maganda ya korosho, kupima njia. Walipanda kila kilima wakihema na kushuka kila mteremko wakipiga kelele. Wifi aliwatazama kutoka mlangoni pa tanuri, akasema hao wanalipwa kuchoka, sisi tunachoka bure. Walipofika kwenye jiwe walisoma neno, wakatazama barabara inavyoporomoka, wakaona bahari, na wakalitii kwa furaha kubwa. Walishuka bila kugusa breki. Wote walifika chini salama, jambo lililokuwa baya kuliko mambo yote yaliyotokea siku ile.

Muda si muda jiwe lilipakwa upya. Herufi zikawa za buluu, zikaongezewa mshale unaoelekea chini. Mchoraji alikuwa mwangalifu: hata ule mchuruziko wa kwenye K aliuchora, kwa sababu aliambiwa ahifadhi sanaa ya wenyeji.

Mama Mikate alikwenda ofisini. Mkono mtupu haulambwi, akabeba mkate. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, na ukutani nyuma yake palikuwa na ramani ambayo kila mteremko ulichorwa kama tabasamu. Alimpa kiti kilicho mbele ya feni, akaumega mkate, akala huku akisikiliza.

"Mwanangu, lile si jina la mteremko," alisema Mama Mikate. "Nilikuwa namwambia mtu ashuke."

"Ndiyo, mama. Na wanashuka. Wanashuka vizuri sana."

"Ashuke kwenye baiskeli. Aikokote."

Afisa aliacha kutafuna. "Aikokote? Mama, hii ni njia ya baiskeli."

Mama Mikate akamweleza kuhusu mume wake. Kijana alisikitika kweli; machozi yalimlengalenga, na akaandika kitu. Mama aliomba liongezwe neno moja, liwe Shuka Baiskeli. Afisa alisema atalifikisha kwenye kamati. Kamati ilikaa, ikaona ombi ni la haki, ikaona pia kwamba vipeperushi vimeshachapwa na kwamba maneno mawili yangebana mshale. Jibu lilimfikia kwa mdomo, likiwa na shukrani kwa ajili ya mkate.

Basi akaanza kusimama pale mwenyewe. Kila Jumamosi, siku ya waendeshaji wengi, akishamaliza kugawa mikate, alikuja kwenye kona akiikokota baiskeli, akasimama pembeni na kuinua kiganja. Walipotokea juu ya jabali walimwona: mama wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, mkono juu. Wakainua mikono yao wakampungia, wakapita kama mishale. Wengine walimwita bibi, wakamtakia maisha marefu.

Mmoja alimpiga picha. Picha ikawa bango, bango likawekwa kwenye lango la mji: Mama Mikate, mkono juu, bahari nyuma yake, na chini maandishi kwamba wenyeji wanakukaribisha. Ikaenea kwamba asiyempungia mama wa Shuka hatafika salama.

Wifi alimpeleka kuliona. Walisimama chini yake kwa muda, mikono ikinuka hamira.

"Haya, wifi, umekuwa nyota. Umeipungia dunia nzima."

"Sikupunga," alisema Mama Mikate. "Nilikuwa nawasimamisha."

Wifi alimshika mkono wakarudi kwenye tanuri. Baadaye alimsihi aache, akamwambia waliokufa hawazuiliki kufa kwa kuwazuia walio hai. Mama Mikate alisema anajua. Jumamosi iliyofuata alikwenda.

Aliyemgonga hakuwa mhuni. Alikuwa mhasibu, baba wa watu, mwendo wake wa wastani. Kulikuwa na manyunyu. Alimwona mama wa bango akikaribia kona, akiikokota baiskeli kwa mkono mmoja, mwingine umeinuliwa, na kama alivyoelekezwa na wenzake, akaachia breki ili ampungie. Mhasibu alichubuka kiwiko. Sanduku la mikate, ambalo siku hiyo lilikuwa tupu, lilibingirika likaishia kwenye jiwe.

Mazikoni mhasibu alikaa nyuma kabisa, kiwiko kikiwa na bandeji. Watu walipotawanyika alimfuata wifi, akamwambia kwamba wallahi alidhani mama anamsalimia. Wifi alimtazama sana.

"Wengi walidhani hivyo, baba," alisema, akampa kiti.

Sasa mikate inapelekwa kwa pikipiki. Bango bado lipo langoni, limefifia kidogo upande wa jua. Mwaka ulipokwisha ofisi ilikusanya takwimu zake na kubandika lile tangazo, na wifi alisomewa lote akiwa anakanda unga. Aliuliza kama ni kweli. Akaambiwa ni kweli: Mama Mikate yumo kwenye hesabu ya watembea kwa miguu, kwa kuwa alipogongwa alikuwa ameshuka.