Kiwele cha Chuchu Tano katika Wodi ya Kifua

Kosa langu la kwanza katika wodi ya kifua ni kwamba niliinyamazisha.

Nalisema mapema ili asije akalisema mtu mwingine. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wastaafu, na mimi hata miaka arobaini sijafika. Lakini Matroni wangu wa sasa ameniagiza niwaandikie wauguzi wapya jinsi tulivyofanya kazi Mbeya. Mimi nikiagizwa jambo silali mpaka nilimalize, na nikishalimaliza silali kwa kufikiri nimelikosea.

Siku niliyoripoti, Sista Inchaji, yaani mkuu wa wodi, alinionyesha vitanda na kabati la dawa, kisha akaitwa kikaoni. Nilibaki peke yangu na wagonjwa waliopasuliwa kifua. Mmoja anakohoa kama pikipiki inayogoma kuwaka. Mwingine anatembea huku ameshika mkononi chupa yenye bomba linalotoka kifuani mwake, ameishusha chini, kama mtu anayepeleka mafuta ya taa kwa jirani. Wawili wanashindana kupuliza mrija ndani ya chupa za maji, blugu blugu, na wanatukanana. Nikaona hii siyo hospitali, hii ni stendi.

Nikafanya kazi. Niliwalaza wote chali, nikakunja kona za mashuka, nikawaomba wajizuie kukohoa maana kukohoa kunatonesha kidonda. Mwisho nikaandika bango kwa herufi kubwa: KIMYA. Daktari Bingwa alipotoka chumba cha upasuaji, wodi ilikuwa safi na haina sauti. Nilisimama mlangoni nikisubiri kusifiwa.

Alikuwa mama mfupi wa Iringa, asiyepandisha sauti hata akiwa na hasira. Alitazama vitanda, akatazama bango, akanitazama mimi.

"Kijana, wamekufa wangapi?"

"Hakuna, Daktari."

"Sasa mbona umewapanga hivi? Wanasubiri padri?"

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mchimbaji wa dhahabu kutoka Chunya, aliyekuwa amebana kikohozi kwa utii, akashindwa. Akacheka na kukohoa kwa pamoja.

"Huyo ndiye mzima hapa," Daktari akasema. Kisha akanieleza jambo ambalo nami nawaeleza ninyi. Pafu lililokandamizwa na usaha au hewa ni kama mfuko wa plastiki uliolowa: kuta zake zimegandana. Daktari hutoa uchafu na kuacha mpira wa kifua, bomba laini linalotoka kati ya mbavu na kuishia ndani ya maji kwenye chupa iliyo chini, ili hewa itoke na isirudi. Lakini kisu hakikunjui mfuko. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayelikunjua pafu lake, kwa kuvuta pumzi ndefu, kukohoa na kutembea. Akilala kimya, makohozi yanajaa, pafu linaganda tena, anarudi kwenye meza ya upasuaji.

"Mimi nafungua mlango tu," alisema. "Kuingiza hewa ni kazi yako. Na bango lako nenda ukalibandike mochwari, kule watalitii."

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Nesi Kimya. Mpaka mpishi wa hospitali aliniita hivyo.

Chuoni mambo ya kifua tuliyapitia juu juu tu, na wodi haikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya pumzi. Nikaamua kujifundisha. Niliazima vitabu vya Daktari, nikatazama video kwenye simu, na nyumbani Mwanjelwa, nilikopanga chumba, nikafanya mazoezi ya kukohoa. Kukohoa vizuri kuna utaratibu: unakaa wima, unakumbatia mto juu ya kidonda, unavuta pumzi, unaishikilia, halafu unakohoa kutoka tumboni. Nilirudia kila jioni, maana nilihisi kikohozi changu kina kasoro.

Mama mwenye nyumba akagonga mlango.

"Mwanangu, hicho kikohozi kimekuanza lini?"

"Siumwi, mama. Najifunza."

"Kukohoa nako kunasomewa?"

Kesho yake nikakuta kikombe changu kimetengwa peke yake dirishani. Wapangaji wenzangu wakaanza kunisalimia kutoka mbali. Ilibidi nipime makohozi hospitalini kwangu na kumletea majibu, na bado kikombe hakikurudi kwa wenzake.

Basi nikiwa katika hali hiyo ya usomi, akaletwa Mzee Luhende.

Alikuwa mfugaji wa bonde la Usangu, ukoo wake ulishuka na ng'ombe kutoka Usukumani. Mtu mrefu, mkimya, aliyezoea kusikilizwa. Usaha ulikuwa umekaa kifuani mwake muda mrefu hadi ukajenga ganda gumu juu ya pafu. Daktari Bingwa alilimenya ganda lile polepole, kama mtu anayemenya chungwa asitake kupasua nyama yake. Upasuaji ulikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa Mzee Luhende mwenyewe. Alilala chali, akatazama dari, akapumua kidogo kidogo kama mtu anayenusa.

Nilimkalisha, nikampa mto, nikamwonyesha kikohozi changu kilichosomewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "kikohozi hiki kimenifukuza kwenye vikao vya wazee. Nikikaa, watu wanasogeza viti. Nimeuza mtamba wangu nije mkiondoe. Sasa kimeondoka, wewe unaniambia nikitafute?"

Nikarudi kufungua vitabu. Vitabu vya Daktari havikuwa na jibu.

Binti yake, Kabula, aliyekuwa akimuuguza, alimbembeleza. "Baba, kohoa kidogo tu, kwa ajili yangu."

"Kabula, mbele za watu?"

Picha ya eksirei ilipotoka, sehemu ya chini ya pafu ilikuwa bado imejikunja. Daktari Bingwa akaniita kwenye korido.

"Ijumaa tunapiga nyingine. Kama iko hivi hivi, namrudisha chumba cha upasuaji. Na nakwambia ukweli, Kimya: kwa mwili ule, mara ya pili sina hakika kama atashuka mezani."

Niliporudi wodini nilimwendea mzee moja kwa moja. Nilimpa mrija apulize kwenye chupa, akasema hayo ni mambo ya watoto wanaochezea soda. Nikamwomba atembee, akasema atatembea akishapona. Mwishowe nikachukua glavu mpya, nikaipuliza mwenyewe hadi mashavu yakauma, nikaifunga, nikaiweka juu ya shuka lake ili aone kwamba si kazi ngumu. Glavu ikakaa pale, imevimba, vidole vimesimama juu.

Mzee Luhende akageuza shingo. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa makini ya mtu aliye mnadani.

"Huyu ni ng'ombe wa nani?"

"Samahani, mzee?"

"Kiwele hiki. Kina chuchu tano. Ng'ombe wenu wa Mbeya wana chuchu tano?"

Mimi, kwa jinsi nilivyo, nikahesabu. Zilikuwa tano kweli. Nikaona aibu, nikasema, "Naomba radhi, mzee, nitarekebisha."

Mchimbaji wa Chunya akadakia kutoka dirishani: "Usirekebishe, Kimya! Hiyo ya tano inatoa mtindi!"

Kwanza mabega ya mzee yakatikisika. Kisha akashika mbavu, "Mmeniua, mmeniua," kisha kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi chenyewe, cha kutoka tumboni, kizuri kuliko changu. Kule chini chupa ilichemka mapovu kama chungu cha maharage. Likatoka kohozi zito ambalo Kabula alilipokea kwenye kopo huku akilia na kucheka. Mimi nilikuwa nimeshaichukua ile glavu, natafuta namna ya kufunga kidole gumba.

Nikakifunga. Zikabaki nne. Nikampelekea.

"Hapo sawa," akasema, akifuta machozi. "Ila kiwele kimelegea. Ng'ombe huyu hajanywa maji. Lete mwingine, nikuonyeshe."

Akapuliza. Ya kwanza haikufika popote. Ya pili ikawa na ukubwa wa kiwele cha mbuzi, na akaikataa mwenyewe. Alikuwa mtu wa viwango, na hapo tukaelewana. Kufikia Alhamisi kitanda chake kilikuwa kimezungukwa na viwele vilivyofungwa kwenye vyuma, kila kimoja na jina lake, na wagonjwa wengine walikuwa wanaomba mbegu. Sista Inchaji alifungua kabati, akakuta glavu zimepungua, akafunga, akaniita.

"Nesi, nilikuachia wodi. Hili zizi limetoka wapi?"

Ijumaa Daktari Bingwa aliinua picha kuelekea dirishani. Nilihisi jasho likinitiririka mgongoni, na Mbeya kulikuwa na baridi. Kabula alishika nguzo ya kitanda cha baba yake.

"Limekunjuka," Daktari akasema. "Lote."

Halafu akapita kwenye zizi akikagua, akagusa kiwele kimoja kilichokuwa kimesinyaa.

"Na huyu?"

"Huyo alikuwa mgonjwa," Mzee Luhende akamjibu. "Simuuzi."

Sitaki mfikiri kwamba glavu inaponya kila mtu. Yule mchimbaji wa Chunya, aliyetuchekesha sote, tulimtoa mpira wake na kidonda kikapona. Lakini mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la mawe la miaka mingi, na Daktari Bingwa alimwambia wazi kuwa vumbi lile halina kisu. Aliaga kwa utani, akaniambia nimtunzie kitanda cha dirishani. Hakurudi kukihitaji; vumbi lilimmaliza huko kwao. Mpaka leo nikilaza mgonjwa kwenye kitanda cha dirishani, popote pale, namkumbuka yeye kwanza.

Baadaye nilihamia hospitali ya misheni mkoani Iringa. Matroni alinipokea akiwa amevaa sweta mbili na kuniambia, "Huku wagonjwa wetu wanaimba kwaya kabla ya chai. Nimesikia wewe unapenda kimya." Habari zilinitangulia. Nilimweleza kwamba kuimba ni dawa ya pafu, bora waanze hata kabla ya alfajiri. Akanitazama kama mama mwenye nyumba wa Mwanjelwa. Glavu nazo sikuhitaji kuzieleza: bibi wa kwanza niliyempa, mfuga ng'ombe wa maziwa wa huko vijijini, alihesabu chuchu kabla sijafungua mdomo.

Kabla sijahama Mbeya, Mzee Luhende alikuja kliniki. Nilimsikia kabla sijamwona: alipiga mluzi kwenye korido, mluzi mrefu wa kuita ng'ombe, usiokatika, mpaka foleni nzima ikageuka. Akasimama mbele yangu bila kuhema.

"Kuna bango mlangoni linasema tusipige kelele," akasema. "Wewe ndiye uliyeliandika?"

"Lile langu lilishatolewa, mzee."

"Basi hata hili litoeni."

Kilichobadilika tangu siku ile ya kwanza ni hiki. Bado nakunja kona za mashuka, na bado nahesabu kila kitu. Lakini nikiingia wodini nikakuta kelele, naenda kunywa chai. Nikikuta kimya, naanza kitanda cha kwanza na kumkalisha kila mgonjwa wima.