Nyuki wa Bi Mahlagha na Watu Wasioomba

Mahlagha Rastin hukaa meza inayotazamana na yangu, kwenye chumba cha kompyuta cha chuo chetu hapa Yazd, Iran, na sijamsikia akizungumzia kitu kwa mapenzi kama anavyozungumzia nyuki. Si kwamba anafuga. Akichomwa na mmoja tu atapiga kelele mtaa mzima utoke nje. Nyuki wake wako ndani ya mashine.

Kompyuta yetu kubwa ni kundi la mashine nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, na chuo kizima kinazigombea. Watu wa vigae wanataka kujua tanuri litapasua nini. Watu wa maji wanataka kujua chini ya ardhi kumebaki nini. Zamani ilikuwa foleni tu: aliyewahi kawahi. Mwenye kakazi ka dakika mbili alikaa nyuma ya kazi ya siku mbili mpaka anaota mizizi. Mahlagha akawaza jinsi nyuki wanavyofanya. Nyuki aliyepata maua mengi hurudi mzingani akacheza, na kadiri anavyocheza kwa nguvu ndivyo wenzake wengi wanavyomfuata. Hakuna bosi, hakuna foleni. Basi akaandika programu ya namna hiyo: kila mwenye kazi ataje uharaka wake, moja mpaka kumi, kumi ikiwa ya haraka kabisa, na mashine ziikimbilie kazi inayocheza kwa nguvu zaidi. Zikilingana, zianze na iliyo fupi.

Programu hiyo ilimlia ujana wake. Wachumba walikuja, wakanywa chai, wakaondoka. Mama yake akalia. Yeye akarudi kwa nyuki. Hatimaye mkuu wa kitivo, Daktari Pourmand, akamkubalia majaribio ya mwezi mmoja.

"Nisisikie lalamiko hata moja," alimwambia, "na mfumo huu utakuwa wa chuo moja kwa moja. Nikisikia, tunarudi kwenye foleni."

Mahlagha alirudi mezani karibu akimbie. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani, na nilimwombea akipate.

Mwezi ukapita shwari. Kila asubuhi Mahlagha aliangalia wastani wa muda wa kusubiri, na kila asubuhi ulikuwa umeshuka. Hakuna aliyenung'unika. Siku ya mwisho alikuja amevaa koti jipya, anatembea kama bibi harusi.

Ndipo alipoingia Bwana Hedayat Sepanta wa idara ya maji, na boksi la kotabu mkononi, vile vitafunio vitamu vya lozi. Huyu ni mtu ambaye hata mlango anaubisha kama anauomba radhi.

"Bi Mhandisi, sijaja kusumbua. Nimekuja kutoa shukrani tu, nimesikia majaribio yanakwisha leo."

"Karibu kaka, keti unywe chai."

"La, la, nisiwapotezee muda."

"Keti bwana!" nilisema mimi. Akaketi.

Akauliza hali ya mama yake Mahlagha, kisha goti langu, kisha akausifu mfumo, kisha akarudi kwenye goti. Mimi subira yangu ni fupi, nikaanza kugongagonga meza.

"Na kazi yako ilikwendaje?" Mahlagha akamuuliza.

"Inakwenda, kwa hisani yako."

"Inakwenda? Uliituma lini?"

"Mwanzoni mwa mwezi. Lakini haidhuru."

Mahlagha akageukia kioo cha kompyuta yake. Nikaona uso wake unabadilika. Kazi ya Bwana Sepanta, ndefu kuliko zote, ilikuwa haijaanza hata kuguswa.

"Kaka, uharaka uliandika moja?"

"Sasa ningeandika ngapi? Mle ndani mna kazi za maprofesa."

"Ulikuwa unaihitaji lini?"

"Haidhuru, Bi Mhandisi."

"Lini?"

Akakitazama kikombe chake. "Jumatatu iliyopita. Kulikuwa na kikao cha kuamua mambo ya visima."

Ikabidi tumvute neno kwa neno. Kisima cha kijiji cha mama yake Bwana Sepanta kilishtakiwa kwamba kinanyonya maji ya majirani. Hesabu zake zilikuwa zioneshe kama ni kweli. Kikao kikakaa bila hesabu, na kisima kikafungwa kwa zege. Mikomamanga ya mama yake sasa inasubiri mvua, na mvua ya huku kwetu jangwani mnaijua.

"Mbona hukusema?" nilifoka. "Si ungepiga simu tu!"

"Mlikuwa kwenye majaribio. Ningeonekana nalalamika."

Akaondoka kinyumenyume, akituomba radhi kwa kutuharibia asubuhi.

Mahlagha akafungua kazi zote za mwezi ule. Moja. Moja. Moja. Profesa kampisha mwanafunzi, mwanafunzi kampisha profesa, kama tunavyosukumiana mlangoni, tangulia wewe, hapana wewe, mpaka chakula kinapoa. Kwa vile zote zilikuwa sawa, mashine zikala kazi fupi, na fupi haziishi kuja kila siku. Ile ndefu ingengoja mpaka kiyama, na kwa kuwa haikuanza, wastani haukuihesabu.

"Nyuki hana haya, Akhtar," aliniambia. "Akipata maua anacheza. Mimi nimewapa kazi ya kucheza watu kama sisi."

Akavuta koti lake akaenda kwa mkuu, nami nikamfuata, maana nilimwogopea.

Daktari Pourmand alikuwa na kalamu mkononi. "Hongera! Sijasikia lalamiko hata moja."

"Mkuu, usitie saini. Nimeshindwa."

Akacheka kwa upendo kabisa. "Bi Mhandisi, ni kwa unyenyekevu huu tunakuheshimu."

"Sisemi kwa adabu. Mfumo umeshindwa."

"Wakubwa wote husema hivyo." Akanigeukia. "Hebu mwambie aache haya, tunywe chai."

Akainamisha kalamu. Mahlagha akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya karatasi, pale pale penye nafasi ya saini. Sijawahi kuona mtu akimfanyia mkuu jambo kama hilo.

"Kuna kijiji kimekosa maji kwa sababu yangu," alisema, bila kuondoa kiganja. "Usiniambie mimi ni mnyenyekevu. Niulize kijiji gani."

Daktari Pourmand akaacha kutabasamu, akaiweka kalamu chini.

"Kijiji gani?" aliuliza.

Mahlagha akavuta kiti, bila kukaribishwa, akaketi.